Bi Fundi Ajibu: Intaneti Ivuke Ua

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja. Ruta iko nyumba kubwa, mtu yuko nyumba ndogo, na baina yao kuna ua, au kichochoro, au minazi. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lililomo ndani yake nalikuta kila wiki, na kwa sababu jibu lake linagusa jambo lililowahi kunigharimu mimi mwenyewe.

Waifai imejaa, lakini kwa mama hakufunguki kitu

*Assalamu alaikum Bi Fundi. Nakaa Kisauni. Faiba imeingia sebuleni nyumba kubwa na inakwenda vizuri. Nyuma ya ua, kama mita 60, nimemjengea mama nyumba ya vyumba viwili, kuta za matofali, juu mabati. Dadangu yuko Muscat, na kila Ijumaa yeye na mama wanataka waonane kwa video. Nilinunua ripita nikaichomeka chumbani kwa mama. Simu yake inaonyesha waifai imejaa, lakini picha inaganda na sauti inakatika. Ninunue ripita yenye nguvu zaidi, au nivute waya? – Msomaji wa Kisauni*

Waalaikum salaam, mwanangu. Usinunue ripita nyingine. Vile vimistari unavyoviona kwenye simu ya mama vinakueleza simu inaisikiaje ripita, na ripita iko hatua tatu kutoka kitandani kwake. Kuhusu safari ya mita 60 kutoka ripita hadi sebuleni kwako havisemi lolote.

Ripita ni mtu wa kupokeza maneno. Wewe unamwambia, naye anamwambia mama. Ukimsimamisha mlangoni kwa mama, mahali ambapo yeye mwenyewe hakusikii, atapokeza nini? Na hata ukimweka katikati, ripita za kawaida husikiliza na kusema kwa masafa yaleyale, kwa zamu, ndiyo maana kasi hushuka hadi karibu nusu.

Kwa ajili ya Ijumaa hii, itoe chumbani kwa mama uichomeke nyumba kubwa, kwenye dirisha linalotazama ua. La jikoni litafaa kama lipo upande huo. Hapo itaisikia ruta vizuri na itaurushia ua mawimbi yanayoeleweka. Tumia masafa ya gigahezi 2.4, yanapenya ukuta kuliko yale ya 5. Mama naye aketi upande wa dirisha, asikae nyuma ya mlango wa chuma, maana chuma na mabati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga.

Hilo ni la kukuvusha wiki hii tu. Nyumba ya mama haihami. Kitu kisichohama kivutie waya, na hewa iachie simu zinazotembea.

Sasa, waya gani? Wengi watakwambia vuta Cat6 ya shaba umalize. Kwa hesabu ya umbali hawajakosea. Waya wa shaba, uwe Cat5e au Cat6, umewekewa mpaka wa mita 100 kutoka chombo hadi chombo, na ndani ya mpaka huo unapitisha gigabiti moja kwa sekunde bila taabu. Lakini pima kwa kamba, usipime kwa hatua. Waya unapanda ukuta, unafuata dari, unashuka, unazunguka choo cha nje, unaingia, unapanda tena. Nimeona ua wa mita 60 ukila waya mita 84.

Ukiamua shaba, chukua ile nyeusi ya nje. Waya wa ndani, wenye ganda la kijivu au buluu, jua letu huukausha ukapasuka kama ganda la muhogo. Na dukani utaonyeshwa maboksi mawili yanayofanana, moja nusu ya bei ya jingine. Omba kipande, toa uzi mmoja wa ndani uukwangue kwa kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, hiyo ni shaba. Ukitoa weupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Hiyo hukatika ovyo unapoikunja, kwa masafa marefu hupoteza mawimbi, na ukipitisha umeme wa kulisha antena au kamera ndani yake hupata joto. Boksi la alumini pia ni jepesi. Lishike mkononi kabla hujatoa pesa.

Lakini baina ya nyumba mbili mimi sivuti shaba tena, na nitakueleza kwa nini.

Miaka ya nyuma niliunganisha nyumba mbili za ndugu, kule Mikindani, kwa shaba safi ya nje. Paipu nzuri, vichwa vya waya nimevikaza mwenyewe, kila kitu kimepimwa. Ilikaa miezi saba. Ikaja masika, usiku mmoja radi ikapiga mnazi, na mnazi wenyewe haukuwa hata wa ua ule. Asubuhi swichi ya nyumba moja, kile kisanduku cha kugawa intaneti kwa nyaya, imekufa, ruta ya nyumba ya pili imekufa, na runinga iliyokuwa imechomekwa waya wa intaneti imekufa nayo. Nyumba hazikuguswa.

Radi inapopiga karibu, kwa kufumba na kufumbua ardhi ya nyumba hii na ardhi ya nyumba ile haziko sawa kwa umeme. Tofauti hiyo hutafuta pa kupita ijisawazishe, nami nilikuwa nimeitandikia njia ya shaba kutoka chombo hadi chombo. Kosa lilikuwa langu. Niliwalipa swichi na ruta mwezi uleule, runinga nikailipa kwa awamu. Tangu siku hiyo nyumba mbili, kila moja na waya wake wa kupeleka umeme ardhini, naziunganisha kwa kioo.

Kioo ni faiba, ileile iliyokufikia sebuleni kutoka kwenye nguzo. Haipitishi umeme, inapitisha mwanga. Watu huiogopa wakidhani ni mambo ya kampuni kubwa. Mji wetu huu wa Mombasa ndio mlango: mikongo ya chini ya bahari ya SEACOM na TEAMS ilitua hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Mkongo wa TEAMS unatoka Fujairah, kule Imarati, unapita chini ya bahari maelfu ya kilomita hadi Mombasa. Mwanga umekuja mbali hivyo, halafu tuuzuie usivuke ua?

Vitu vya kununua ni vichache. Kwanza kebo ya faiba ya nje ya njia moja, ile inayoitwa singo modi, iliyokwishatiwa vichwa kiwandani pande zote mbili. Zinauzwa kwa urefu uliopangwa, mita 50, 80, 100. Chukua inayozidi kipimo chako, ziada uizungushe duara ukutani. Usikubali kuuziwa isiyo na vichwa kama humjui mtu mwenye mashine ya kuunga. Tazama rangi ya kichwa pia: buluu kimekatwa wima, kijani kimekatwa mshazari, na hivi viwili havichanganywi. Vikikutanishwa mwanga unapotea pale pale kwenye maungio.

Pili, jozi ya midia konveta, vijisanduku vinavyogeuza mwanga kuwa umeme wa waya wa kawaida. Nasema jozi kwa kukusudia. Zile zinazotumia uzi mmoja wa kioo hutuma kwa rangi moja ya mwanga na kupokea kwa nyingine: kimoja hutuma kwa nanomita 1310 na kupokea 1550, mwenzake kinyume chake. Ndiyo maana huandikwa A na B. Ukinunua A mbili utakaa mchana kutwa unalaumu kebo, na kebo haina kosa.

Na jambo la tatu ni la usalama wa watoto. Mwanga huo hauonekani kwa macho. Mtu asichungulie ncha ya kebo kutazama kama inawaka. Vile vifuniko vidogo vya plastiki vibaki kwenye vichwa hadi dakika ya kuchomeka.

Ukiweza kuchimba, chimba. Najua sehemu nyingi za Kisauni ukishuka kidogo unakutana na mwamba wa matumbawe, na wachimbaji watakwambia bei nyingine. Nusu mita inatosha, na pasipochimbika pitisha paipu chini ya ukuta wa ua uifunike kwa simiti. Paipu iwe ya inchi moja, pembe ziwe za kujipinda taratibu, na ndani uache kamba ya nailoni ya kuvutia waya mwingine siku za mbele. Kamba hiyo ni ya bei ya andazi na itakuokoa siku ya siku. Waya wa stima usilale nao paipu moja. Faiba yenyewe usiikunje kuliko mduara wa kikombe cha chai. Kioo kikibanwa mwanga huvujia nje.

Ukiamua kuitundika hewani, uliza ndani ya kebo mna nini. Nyingi za kutundika zina uzi wa chuma wa kubebea uzito. Ukiuleta uzi huo hadi ndani ya nyumba zote mbili umeirudisha ile njia ya radi niliyokwambia. Ziko zenye nyuzi za plastiki ngumu badala ya chuma, hizo ndizo nzuri. Ukikosa, uzi wa chuma uukate nje ukutani, kiingie kioo peke yake.

Kwa mama sasa utahitaji kitu cha kurusha waifai chumbani. Kama una ruta ya zamani kabatini, inafaa. Zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, maana ruta mbili zikigawa anwani ndani ya mtandao mmoja, vyombo vitachanganyikiwa. Ipe anwani yake yenyewe isiyogongana na ya ruta kubwa. Kama kubwa ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Waya kutoka midia konveta uchomeke kwenye tundu la LAN, la vyombo vya ndani, wala si lile la WAN, la intaneti ya kutoka nje, ambalo kila mtu hulikimbilia kwa sababu limetengwa rangi. Jina la waifai na nywila viwe vilevile vya nyumba kubwa, ili mama akija kwako simu isimwulize kitu. Chaneli ndizo zitofautiane: kwa masafa ya 2.4 moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11.

Kumbuka pia kwamba njia yote hii sasa inategemea stima ya nyumba mbili. Tokeni zikiisha kwako, mama naye anakatikiwa. Betri ndogo ya volti 12 ya kubeba ruta na midia konveta si anasa hapa kwetu. Hakikisha tu adapta za vijisanduku vyako zinaandika volti hizohizo; vingi vya midia konveta ni vya volti 5. Nisalimie mama.

Adapta za kupitisha intaneti kwenye stima

*Bi Fundi, nimeona adapta zinazochomekwa kwenye soketi na kupitisha intaneti ndani ya nyaya za stima. Nina nyumba mbili ploti moja Changamwe, kila moja na mita yake ya tokeni. Zitafanya kazi? – Baba wa watatu*

Usizinunue kwa kazi hiyo. Adapta hizo zimetengenezwa kwa nyaya za nyumba moja zilizo nyuma ya mita moja. Mawimbi yake yakitoka hadi kwenye mita, yakavuka, yakaingia mita ya pili, yanafika yamechoka, au hayafiki. Ndani ya nyumba moja kubwa yenye kuta nzito ni kitu kizuri, mradi uzichomeke moja kwa moja ukutani. Ukizichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kinga hiyo huyachuja mawimbi yake pia.

Minazi minne na mwembe

*Shikamoo Bi Fundi. Nina shamba dogo Likoni. Kutoka nyumbani hadi vibanda viwili vya wageni, vya makuti, ni mita 180. Kuchimba siwezi, njia inapita kwenye mashimo ya matumbawe. Jirani alinifungia antena mbili za gigahezi 5 juu ya paa. Zilikwenda vizuri Januari na Februari. Tangu kusi lianze zinakatika, na mvua ikinyesha hazishiki kabisa. Baina yetu kuna minazi minne na mwembe mmoja mkubwa. Jirani anasema mvua ndiyo inayokata waifai. – Mwenye shamba*

Marahaba, mwanangu. Uamuzi wa antena ni sawa. Mita 180 ni nyingi kwa shaba, na kama ardhi imekataa, hewa ndiyo njia. Jirani yako amekufungia vizuri, ila mahali palipochaguliwa ndipo penye tatizo, na mvua inasingiziwa.

Matone ya mvua kwa umbali wa mita 180 na masafa ya gigahezi 5 hayana athari ya kusemwa. Linalokata ni jani lililolowa. Maji hunywa mawimbi haya, na mwembe ulionyeshewa ni ukuta wa maji. Kaskazi majani ni makavu na upepo una mwelekeo wake. Kusi likija, vichwa vya minazi vinayumba na kuingia njiani.

Sasa usikie jambo ambalo wafungaji wengi wanaliruka. Ukisimama kwenye antena moja ukaiona ya pili, haitoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi ulionyooshwa, yanatanuka katikati kama kiazi kitamu, membamba nchani na manene tumboni. Aliyetufunulia tabia hii alikuwa Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, mchunguzi wa mwanga aliyefariki mwaka 1827, na jina lake ndilo linaloitwa eneo hilo hadi leo. Kwa mita 180 na gigahezi 5.8, unene wa tumbo katikati ya safari ni kama mita moja na nusu kila upande wa mstari. Asilimia 60 ya eneo hilo ikiwa wazi, utalala usingizi. Kwa hiyo usitazame tu kama antena inaonekana, tazama kama inaonekana ikiwa na karibu mita moja ya hewa tupu kuizunguka pande zote, hapo katikati ya shamba.

Jirani alipandisha antena juu ya paa kwa sababu tumezoea kwamba juu ndiko kuzuri. Kwa shamba la minazi, juu ndiko kwenye makuti. Shuka. Mnazi mkubwa una shina jembamba na chini ya kichwa chake pako wazi kabisa, unaona hadi mwisho wa shamba. Funga antena mita nne hivi kutoka ardhini, kwenye nguzo au ukuta wa ubavuni, ipite kati ya mashina, chini ya makuti na juu ya vichwa vya watu na mikokoteni. Tembea kwanza shambani ukatafute mstari huo kwa macho. Kama mwembe unaziba huko chini, sogeza antena ya nyumbani pembeni mita tano, kumi, hadi mstari uukwepe mti. Kuukata sikushauri. Kusogeza nguzo ni kazi ya asubuhi moja, na mwembe mkubwa umekula miaka.

Zile antena bapa za TP-Link au Ubiquiti ambazo wengi hutumia zina upana wa kutosha, hazitaki kulengwa kama bunduki. Fungua ukurasa wake wa mipangilio utazame nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Hasi 50 hadi hasi 60 ni nzuri sana. Ukiona hasi 75 bado kuna jani mahali, au antena imegeuka. Moja iwekwe kama kituo cha kurusha na nyingine kama mteja. Nimekuta watu wameweka zote mbili kurusha, zinapigiana kelele usiku kucha.

Kumbuka antena hizi hulishwa umeme ndani ya waya wa intaneti, nyingi volti 24. Adapta yake ina matundu mawili. Lenye maandishi ya POE ni la antena peke yake. Ukilichomeka kwenye kompyuta unaweza kuichoma. Waya unaposhuka kutoka antenani, kabla haujaingia ukutani uache uning'inie kitanzi kwa chini, maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi sebuleni. Na nguzo ya chuma iunganishwe na waya wa ardhini. Ukishusha antena chini ya mstari wa paa umeiondolea radi kishawishi pia.

Kichochoro cha mita nne, Mji wa Kale

*Bi Fundi, nyumba yetu na ya shangazi zinatazamana Mji wa Kale, kichochoro hakifiki mita nne, lakini waifai yetu haifiki kwake. Kijana mmoja anataka kutoboa ukuta na kuning'iniza waya juu ya njia. – Mpwa*

Mwambie kijana asubiri, mwanangu. Ukuta wenu ni wa matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na mawimbi yakiingia humo hayatoki. Ndiyo maana mita nne zinakushinda. Lakini nyumba za Mji wa Kale zina madirisha makubwa ya mbao, na mbao kavu huyapitisha mawimbi kwa urahisi. Nunua seti ya waifai ya vipande viwili vinavyosemezana, ile inayoitwa meshi. Kimoja kiweke kwenye kizingiti cha dirisha lenu, cha pili kwenye dirisha la shangazi linalotazamana nalo, kwa ghorofa ileile. Kwa nafasi hiyo hata gigahezi 5 itapita kama haina kizuizi. Kama ruta yenu iko ukumbi wa ndani, vuta waya wa ndani kutoka ruta hadi kipande cha dirishani. Hapo shaba haina neno, ni nyumba moja.

Kuhusu kutoboa: mtaa huo ni eneo la hifadhi, na kuna ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayosimamia majengo yake. Mtu huuliza kwanza. Mimi nimezaliwa nyumba ya boriti na matumbawe, na tundu linalotobolewa kwa mashine ya nyundo kwenye ukuta ule huangusha chokaa upande wa pili kwa ukubwa wa sinia.

Haipiti 94

*Nyali, karibu na bahari. Nina waya wa Cat6 wa mita 35 hadi nyumba ya wageni, una miaka miwili. Nalipia megabiti 200. Nyumba kubwa napata 200, kule kwa wageni haipiti 94, hata usiku wa manane. Nimebadilisha ruta mara mbili. – Mwenye subira*

Namba hiyo 94 imenieleza yote. Njia iliyoshuka hadi megabiti 100 ndiyo hutoa 94 au 95 ukiipima. Vyombo viwili vikikutana kwenye waya huelewana kasi: gigabiti moja inataka jozi zote nne za nyuzi ziwe nzima, megabiti 100 inaridhika na jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Jozi moja ikifa vinashuka kimyakimya bila kukuarifu. Kwa hiyo umebadilisha ruta mbili zisizo na kosa, na jozi ya buluu au ya kahawia imekatika mahali, karibu yakini kwenye kichwa.

Ni chumvi, ndugu yangu. Hewa ya Nyali huingia kwenye kichwa cha plastiki na kuila shaba ikawa na ukungu wa kijani. Kata sentimita 20 za kila mwisho, hadi uone shaba inayong'aa, ukaze vichwa vipya. Mpangilio wake, kichwa kikiwa kimekutazama kwa upande wa meno ya shaba: cheupe-chungwa, chungwa, cheupe-kijani, buluu, cheupe-buluu, kijani, cheupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawasawa. Kichwa kilicho nje kikae ndani ya kisanduku chenye mpira wa kuziba, na kabla ya kuchomeka pakaa jeli ya silikoni ya nyaya. Ukikata sentimita 20 bado ukaona kijani ndani ya ganda, maji yameshatembea. Waya huo umekwisha, na wa kuufuata uwe faiba kwa sababu nilizompa mwenzako wa Kisauni.

Majirani wanne, bili moja

*Majengo. Majirani wanne wanataka nivutie intaneti yangu kwao, kila mmoja anilipe kidogo kwa mwezi. Nitumie swichi ya matundu mangapi? – Fundi mdogo*

Matundu ni rahisi kuhesabu, mwanangu, lakini simama hapo kwanza. Kumkaribisha jirani atume barua pepe ni ujirani. Kukusanya pesa kila mwezi ni kuuza huduma ya mawasiliano, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 inataka leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Soma pia mkataba uliotia sahihi na kampuni yako, ile ya matumizi ya nyumbani, utafute panapozungumzia kuuza tena. Na lolote litakalofanywa na nyumba nne kupitia laini hiyo, jina litakaloulizwa ni lako.

Naona mkono wako unataka kazi, na hilo nalipenda. Nenda kwa kampuni zinazouza intaneti mtaani kwako uombe kuwafungia wateja wao, majirani hao wanne wawe wa kwanza, kila mmoja na laini yake. Waya utavuta wewe, na pesa utakayopokea itakuwa ya ufundi wako.